Mwaka wa Wali Mweupe

Nilimwahidi Bi Mkasi kwamba nitasema kweli kwa sauti, mbele ya watu wale wale waliousikia uongo. Maneno hayo niliyatoa nikiwa nimesimama mlangoni pake, katika kijiji kimoja cha kaskazini ya Unguja, katikati ya miaka ya hamsini, naye amepiga magoti akikaza kamba kwenye mkeka aliokwisha kuukunja. Hakuniangalia. Alisema tu, “Haya, Mwalimu. Ukisema, ntasikia.” Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja mwenye cheti kipya cha ualimu, na niliamini kwamba mtu akishaahidi jambo la haki, nusu ya kazi imekwisha.

Mwezi uliopita nilihudhuria matanga yake Michenzani, katika fleti ya mwanawe, ghorofa ya nne. Wanaume tulikaa chini, kwenye mikeka iliyotandikwa baina ya majumba, na baada ya dua nilipanda ngazi kuwapa pole wafiwa. Katika kipumziko cha ghorofa ya pili walikaa wanawake wawili wa makamo yangu, wamevua viatu, wanajipepea kwa ncha za kanga. Mmoja alisema, “Mungu amrehemu. Lakini si ndiye yule wa shamba, alokuwa akila akili za watoto wa watu?” Mwenzake akamfyonya: “Nyamaza weye! Udongo wa kaburi haujakauka.” Yule wa kwanza hakunyamaza. “Nasema nlosikia. Hebu mtazame mwanawe, mtu mkubwa, kasoma mpaka ng'ambo ya bahari. Mama yake alikuwa hana hata sufuria ya maana. Akili zile za nani?” Nilisimama vidato vitatu chini yao. Nilikuwa na umri wa kutosha kuwakatiza bila kuonekana mkosefu wa adabu, na nilikuwa mtu pekee katika jengo lile aliyejua habari yote. Nikawasalimu, wakaniitikia, nikapita.

Kwa hiyo naandika. Majina ya watu wa nyumba nitakayoieleza nimeyabadilisha, na kijiji sikitaji. Jina la Bi Mkasi nimeliacha kama lilivyo.

Nilipopelekwa kijijini kufundisha, nilipanga katika nyumba ya Bi Zuhura, mjane mtu mzima, mama wa Bwana Nassor aliyemiliki mashine ya kukoboa mpunga, ya pekee katika sehemu zile. Chumba changu kilikuwa cha uani. Dirisha lake lilifunguka jikoni, na kwa hiyo mwaka ule mzima nilijua kilichopikwa kabla hakijaiva na kilichosemwa kabla hakijafika barazani. Kulikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja uliotiwa kigae ili isicheze, na vumbi laini la mpunga lililoingia kutoka kwenye mashine likakaa juu ya kila kitu, hata juu ya wino. Jioni nilikuwa nikiandika daftari langu, maana chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu asiyeandika anayoyaona hufundisha kwa kubahatisha. Kijiji kikaniita Bwana Daftari. “Anaandika nini yule?” niliwahi kumsikia mtu akiuliza nje ya ukuta. “Majina.” “Majina ya nini?” “Kwani weye hujui zama hizi? Katumwa.” Aliyenituma hawakukubaliana: wengine walisema serikali, wengine chama kile kingine, kila mtu akikusudia kile kisichokuwa chake. Nami niliwatilia shaka kama walivyonitilia. Niliamini kwamba kila kitu nilichofichwa kilikuwa na ubaya ndani yake.

Nyumbani kwa Bi Zuhura wali ulikuwa ndio heshima ya nyumba. Bwana Nassor aliupitisha mpunga wa nyumbani kwenye mashine mara mbili, wakati wateja wengine waliukoboa mara moja, na mchele ulipoletwa jikoni ulikuwa tayari mweupe kama jino la mtoto. Hapo Bi Zuhura aliushika mwenyewe. Hakumwachia mtumishi wala mkwewe. Aliukosha katika sinia kubwa la shaba, akamwaga maji, akaukosha tena, akamwaga, na tena, mpaka maji yakawa unaweza kuona nakshi za sinia chini yake. Ndipo akaupika kwa maji mengi na kuyachuja. Nilipomwambia siku moja kwamba mama mkubwa wangu hukosha mara mbili tu, alicheka kwa kunionea huruma. “Ndiyo maana ulikuja hapa huna mashavu, mwanangu.” Mimi na Bwana Nassor tulikula wali huo kwa samaki, kunde, mchuzi wa nyama siku za Ijumaa. Lakini mkwe wake, Bi Salma, alikuwa mja mzito, na alipojifungua mtoto wa kike, Rukia, ukawekwa mwiko wa mzazi. Katika nyumba nyingi mwiko huo huisha siku ya arubaini. Kwa Bi Zuhura uliendelea mpaka mtoto akae mwenyewe. Samaki hapana, atalitia baridi tumbo. Kunde hapana, zitampa mtoto upepo. Mchicha hapana, nyama hapana, mayai hapana. Mzazi alikula wali mweupe kwa samli na pilipili manga, uji wa mchele wenye sukari, na chai. Alikula vizuri, kwa sahani ya kauri yenye maua, na wa kwanza katika nyumba nzima.

Nilijua sababu ya ukali huo kwa kuwa dirisha langu lilikuwa wazi. Bi Salma alikuwa amezaa mara tatu kabla ya Rukia. Wa kwanza, Seif, alinusurika baada ya kuugua mno katika uchanga. Wawili waliomfuata walikufa wakiwa na miezi mitatu mitatu. Kila mtoto alipokufa, Bi Zuhura aliongeza mwiko na kuongeza mkosho. Nilimsikia akimwambia mkwewe, “Safari hii sitoacha hata punje moja chafu ipite kinywani mwako.” Bi Salma alijibu, “Naam, mama.” Kisha, kwa sauti ya chini: “Miguu yangu ina ganzi, mama. Kama nimekanyaga sufi.” “Uzazi huo. Kula.”

Seif alikuwa na miaka minane, naye alikuwa katika darasa langu la kwanza. Kope zake ziliteremka kidogo, kama mtu anayeamshwa usingizini, na maneno yalimtoka kwa tabu, moja moja. Nilimfundisha alifu na be za Kilatini kwa miezi minne. Leo alizijua tatu. Kesho hakujua hata moja. Nilimshuku kwa ukaidi. Nilifikiri mtoto wa nyumba kubwa ameamua kwamba mwalimu mpangaji hana amri juu yake, na nilimchapa. Naliandika neno hilo bila kulipunguza: nilimchapa mara nyingi, na katika daftari langu niliandika kwamba ni mvivu. Darasani humo humo alikuwamo Makame, mtoto wa Bi Mkasi, jirani fakiri kuliko wote, mjane aliyeishi kwenye kibanda nyuma ya mashine. Makame alisoma kitabu cha kwanza kikaisha, akanijia kuuliza kama kuna kingine. Watu waliliona. “Mtoto wa mla pumba ndiye anayesoma,” walisema barazani, na hawakusema kwa kufurahi.

Maana ni kweli Bi Mkasi alikula pumba. Kila asubuhi alikuja na kikapu nyuma ya mashine, akazoa zile laini za mwisho pamoja na chenga, na kwa malipo hayo akafagia uwanja wa Bwana Nassor. Mwenyewe alisema zote ni za kuku. Alikuwa na kuku wawili. Zilizobaki alizichekecha, akazipika uji pamoja na kunde, akala na mwanawe. Alasiri moja nilipita nyuma ya kibanda chake nikamwona Seif, mtoto wa nyumba ya sahani za maua, amechutama chini anakula kwenye bakuli la udongo kwa pupa. Bi Mkasi aliniona, akafunika bakuli kwa kawa. Kitendo hicho cha kufunika ndicho kilichoniponza. Sikujiuliza kama mwanamke fakiri anaweza kuona haya kwa chakula chake. Nilisema moyoni: anaficha kitu.

Chakulani nililitaja. Sikukusudia ubaya, nilitaka kuonekana mwangalifu. “Seif leo nimemkuta kwa Bi Mkasi, anakula,” nilisema. Bi Zuhura aliweka chini tonge alilokuwa amelishika. “Anakula nini?” “Sijui. Alikifunika.” Bwana Nassor alinawa mikono kabla ya kumaliza. Nikasikia baadaye, kupitia dirishani, sauti ya Bi Zuhura ikipanga hesabu yake mwenyewe: pumba za nyumba yangu anachukua yeye, wajukuu zangu wanakufa, wake anasoma, na aliyebaki anamlisha kwa siri. “Kachukua nguvu za mpunga, akaziacha punje tupu,” alisema. Nimeyafikiria maneno hayo kwa zaidi ya miaka hamsini. Alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko mimi mwenye cheti. Alikosea mahali pamoja tu, pa kumtafuta mwizi.

Wiki mbili hazikupita Rukia akaugua. Alikuwa na miezi mitatu. Alikataa ziwa, akatapika, uso ukamvimba. Alasiri moja nilisikia mama yake akiita, nikatoka, na kwa kuwa hakukuwa na mwanamume mwingine nyumbani nikasogea mpaka mlangoni. Mtoto alikuwa mapajani, mdomo wazi, uso umekunjamana, kifua kinapanda na kushuka. Alikuwa analia kwa nguvu zake zote na hakuna sauti iliyotoka. “Hivi hivi,” alisema Bi Salma. “Wale wawili walilia hivi hivi.” Bi Zuhura aliyekuwa amesimama nyuma yake hakumtazama mtoto. Alitazama upande wa kibanda. “Kesho,” alisema, “aje ale yamini hapa uani, mkono juu ya Msahafu. Na asipokuja, tutajua.”

Alfajiri yake Bwana Nassor alikuwa Wete kwa biashara ya mpunga, na Bi Zuhura alikuwa akingojea kiapo. Bi Salma akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alivaa buibui, akaja mlangoni kwangu na mtoto, akasema, “Mwalimu, gari la mjini linapita saa kumi na mbili. Nnakwenda. Ukitaka kuandika, njoo uandike.” Nilikwenda, pamoja na dada yake aliyemchukua njiani. Hospitalini tulipokewa na daktari mmoja wa Kihindi, mzee, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimweka mtoto sikioni kwake, akausikiliza ule mlio usiokuwapo. Kisha akamgeukia mama, akamgonga magoti kwa kinyundo. Miguu haikushituka. “Bibi, unakula nini?” “Wali.” “Na nini?” “Wali kwa samli.” “Samaki?” “Mwiko.” “Kunde, choroko?” “Mwiko.” “Mchele wa kutwanga au wa mashine?” Bi Salma akajibu kwa fahari aliyofundishwa: “Wa mashine, mara mbili. Na mama anaukosha mpaka maji yanakuwa kama ya kunywa.” Daktari alivua miwani. “Na pumba wanapewa nani?” Nilijibu mimi. Nilisema, kuku.

Alimpiga mtoto sindano ya vitamini, ile wanayoiita B ya kwanza, akampa na mama vidonge. Vitamini hiyo, alituambia, imo katika pumba za mpunga; mashine, mkosho na mwiko vilimnyima mama, na maziwa ya mama yakamnyima mtoto. Tulikaa kwenye benchi la saruji upenuni. Kabla ya adhuhuri Rukia alinyonya. Baada ya sala alilia, kwa sauti nyembamba ya kukwaruza, na wagonjwa waliokuwa karibu walisema “Mtulize mtoto,” lakini Bi Salma hakumtuliza. Alimwacha alie. Nilimuuliza daktari habari ya Seif, ambaye naye aliugua vivyo hivyo akapona bila dawa. Alivaa tena miwani yake. “Ubongo unajengwa katika miezi ile ile. Ukikosa kitu hiki wakati wa kujenga, unajenga pungufu. Ngapi imekosekana kwake, mimi sijui. Lakini wewe mwalimu usimpige.” Sikuwa nimemwambia kwamba nampiga. Siku hizi wataalamu wameandika wazi zaidi kuliko alivyoweza kusema yule mzee: kwamba mtoto mchanga aliyekosa vitamini hiyo anaweza kuonekana amepona kabisa, kisha miaka ikapita ndipo athari ikagundulika katika maneno yake, katika kumbukumbu yake, katika kushindwa kushika leo alichokishika jana. Siwezi kuapa kwamba ndiyo yaliyomfika Seif. Naweza kuapa kwamba hakuwa mkaidi.

Tuliporudi, nikamkuta Bi Zuhura uani, sinia mbele yake, mikono ndani ya maji. Bi Mkasi alikuwa amekuja asubuhi akaapa. Na wazee wawili waliokuwapo walisema kiapo cha mtu wa aina ile hakina uzito. Nilimweleza Bi Zuhura yote, taratibu, kwa heshima, kama tulivyofundishwa kueleza somo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Maji yaliyokuwa mikononi mwake yalikuwa bado meupe, mkosho wa kwanza. “Basi ni miye,” alisema.

“Si wewe, Bi Zuhura. Ni ukosefu wa—”

“Nani aliyeukosha? Nani aliyeweka mwiko?” Alitoa mikono, akaipangusa kwa kanga, kidole baada ya kidole. “Nimewazika wawili kwa mikono hii, Mwalimu. Ukenda barazani ukasema ni wali, watauliza, wali wa nani? Mwiko ntauondoa leo. Samaki atakula, kunde atakula, pumba zenyewe ntampa akizitaka. Lakini nibakishie uso wangu. Mimi ni mtu mzima.”

Nilikuwa nikila kwake, nikilala kwake, na alikuwa akinifulia kanzu yangu ya Ijumaa. Hata hivyo sitaki kujificha nyuma ya hayo. Nilimhurumia, na huruma yangu ilimfikia aliye karibu. Niliona njia ya katikati: nitamsafisha Bi Mkasi bila kumtaja Bi Zuhura. Ijumaa, baada ya sala, niliomba ruhusa barazani nikasema kwamba mtoto wa Bwana Nassor ametibiwa na amepona, kwamba yalikuwa maradhi tu, na kwamba hakuna mtu wa kushukiwa.

“Maradhi gani, Mwalimu?” aliuliza muadhini.

“Maradhi ya ukosefu. Mwili ulikosa kitu.”

“Kitu gani?”

Jibu lilinibaki mdomoni, na lilikuwa na jina la mwanamke ndani yake.

“Walikuwa na kila kitu nyumba ile,” alisema mwengine. “Kama kimekosekana, basi kimechukuliwa.”

“Na anayechukua tunamjua,” akamalizia wa tatu, na vichwa vikatikisika, na mtu mmoja akanishukuru kwa kuthibitisha.

Naliita tendo hilo uongo, ingawa kila neno nililolisema lilikuwa sahihi. Nimewafundisha watoto kwa miaka thelathini na nne baada ya siku ile, na somo nililolirudia kuliko yote ni kwamba anayesema nusu ya jambo huwaachia wasikilizaji waijaze nusu ya pili kwa walichokuwa nacho. Kijiji chetu mwaka ule kilikuwa na shaka tele. Kila mtu alimtazama jirani yake akijiuliza yu upande gani. Mimi niliwapa nafasi tupu, wakamweka Bi Mkasi ndani yake.

Siku ya tatu kuku wake wawili walikutwa wamekatwa shingo. Siku ya nne alifunga mkeka. Nilikwenda kwake nikamwambia kila kitu, hata kwamba mimi ndiye niliyetaja bakuli. Makame alikuwa ndani, anafunga vitabu vyangu viwili kwenye kitambaa ili anirudishie. Nilimuuliza Bi Mkasi kwa nini alikuwa akimpa Seif chakula kwa siri.

“Alikuwa akija mwenyewe,” alisema. “Akinusa uji anakuja. Mtoto wa watu wakubwa, uji wa pumba! Ningemwambia nani? Wangesema namdhalilisha.” Akakaza fundo. “Siku za mwanzo alikuwa hawezi kuniambia ‘nipe’. Juzi kaniambia, ‘Nipe tena.’ Maneno mawili. Nkafurahi, mjinga mimi.”

Hapo ndipo nilipoahidi. Akaenda zake mjini, Ng'ambo, akauza mbatata na vitumbua kwa miaka mingi, na pumba hazikutajwa tena mbele yake. Mwisho wa mwaka nilihamishwa. Bi Zuhura aliishi miaka ishirini mingine, na kwa miaka hiyo nilijiambia kwamba nangojea asiumie. Alipofariki, nilijiambia kwamba watu wamesahau. Rukia alisoma, polepole, lakini alisoma, na ana wajukuu. Seif hakuwahi kusoma. Alifanya kazi kwenye mashine ya baba yake mpaka nguvu zikamwishia, mtu mpole aliyewasalimu hata wasiomwitikia, na kila nilipokwenda kijijini alinishika mkono kwa furaha, mkono ule ule niliokuwa nikimchapia. Bi Mkasi nilimtembelea mara tatu mjini. Hakuniuliza kitu. Mara ya mwisho alinipa chai, tukazungumza habari ya bei ya sukari, nami nikanywa na kuondoka.

Yeye hatasikia tena. Lakini wale wawili wa kwenye ngazi wako hai, na walilipata neno lile kutoka kwa mtu, na watampa mtu. Mimi nina umri mkubwa na sauti yangu haifiki mbali. Nakuomba jambo moja, msomaji. Kabla hujakifunga kitabu hiki, mtafute mtu mmoja aliye karibu nawe, umsomee kwa sauti sentensi hii: Bi Mkasi hakuchukua akili ya mtoto yeyote, alimlisha mmoja.